Kongosho langu limetolewa, chembe zake ziko kwenye ini

"Shemeji, kama chembe zako wamekurudishia, sindano za nini tena?" Shemeji yangu aliniambia hivyo kwa upendo kabisa, nami nikamsikiliza. Ilikuwa wiki ya tano tangu nirudi Moshi kutoka India.

Kongosho lilinitesa miaka sita kwa kuvimba, mwishowe likatolewa lote. Wakachuja zile chembe zinazotengeneza insulini ya kushusha sukari, wakazipitisha kwenye mshipa unaopeleka damu kwenye ini, zikakae humo. Njia hii ilianzia Minnesota, Marekani, mwaka 1977. Chembe ni zangu mwenyewe, kwa hiyo sinywi dawa za kuzuia mwili usizikatae. Gharama? Shamba la tambarare lilikwenda, na ukoo ukachanga.

Basi nikaacha sindano za insulini. Siku ya tatu kinywa kikavu, usiku kucha nakwenda chooni, mashine ya kupima sukari ikasoma 19. Daktari wangu wa hapa alinigombeza, kisha akanieleza taratibu: hizo chembe ni kama miche ya kahawa iliyotoka kitaluni, bado haijashika. Zinangoja mishipa mipya ya damu. Sukari ikipanda zinaelemewa na kufa, insulini ya sindano ndiyo inayozipumzisha miezi ile ya mwanzo. Nililia njia nzima hadi nyumbani. Shamba la baba nusura nilimwage kwa siku tatu!

Kilichobaki kunisumbua ni mtori. Bakuli lile lile, leo sukari 8, kesho 14. Nikamenya ndizi, nikazitia kwenye mfuko, nikaenda dukani kwa Mangi: "Nipimie robo kilo." Akanishangaa, akapima. Nikapika kwa vikombe viwili vya maji, nikamimina kwenye bakuli langu la kijani, pale ulipofika nikachora alama kwa msumari. Wiki mbili nzima napima sukari kabla ya kula na saa mbili baadaye, naandika kwenye daftari. Stripu ziliisha kama njugu, lakini nikajua yuniti zangu za insulini kwa bakuli lile. Alama ile ipo mpaka leo, na bakuli haliguswi na mtu mwingine.

Wenzangu mliotolewa kongosho, vidonge vya kusagia chakula, kazi iliyokuwa yake pia, mezeni na tonge la kwanza. Nilikuwa nameza nikishashiba, mafuta yote yanatoka chooni, nikakonda. Na glukosi isikose mfukoni, maana sukari ikishuka mwili wetu hauipandishi upesi kama wa wengine.

Kutoka yuniti 30 kwa siku sasa nimefika 6. Shemeji alikuja Jumapili. Nilimpakulia mtori, nikajidunga mbele yake, ndipo tukala.