Siku ya gulio usimwambie mtu asubiri kesho

Kwetu ni Ukara, kisiwa cha Ziwa Victoria kilichokaa kaskazini mwa Ukerewe. Ukitoka Mwanza kwa meli unashuka Nansio, unatafuta gari au bodaboda mpaka Bugolora, halafu ndipo unavuka kwenda Bwisya, gati letu la Ukara. Wengine huzunguka kwa barabara kupitia Bunda, wakavuka Kisorya kuja Rugezi. Hao hupanda vivuko viwili kabla ya kufika nyumbani, na vyote ni vya serikali, chini ya TEMESA, wakala wake unaoendesha vivuko.

Rafiki zangu wa mjini hunicheka: "Nyie wa visiwani kila kitu mnasubiri serikali." Ndiyo, tunasubiri. Tajiri gani atanunua chombo cha kubebea gari la wagonjwa na lori la saruji, akipeleke mahali ambapo siku nyingine abiria ni bibi mmoja na kuku wake? Mitumbwi ya injini ipo, na imetusaidia sana, ila lori halipandi mtumbwi.

Shida ni kwamba abiria hawaji kwa mgawo sawa. Siku ya gulio kila mwenye mihogo, dagaa au ng'ombe wa kuuza anataka kuvuka asubuhi, na kila aliyeuza anataka kurudi mchana huohuo, sasa akiwa na gunia la mahindi, kreti za soda na mabati. Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018 ilikuwa siku ya gulio Bugolora. MV Nyerere, kivuko chetu cha wakati huo, iliruhusiwa kubeba abiria 101. Ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa gati la Bwisya, watu wa nchi kavu wakitazama. Walikufa zaidi ya 220 na waliookoka ni 41. Wa mwisho kutolewa hai ni fundi wa kivuko, Jumamosi yake, kutoka chumba cha injini. Wengi walizikwa palepale Bwisya. Fedha za rambirambi zilielekezwa kujenga wodi kwenye kituo cha afya cha hapohapo. Kwa hilo sina neno.

Ninachokataa ni ule wimbo kwamba watu wetu hawana nidhamu, wanajazana. Hebu fikiri. Una samaki wanaoharibika, au mtoto umemwacha kwa jirani, na Bugolora huna ndugu wa kukulaza. Karani anakwambia kimejaa, njoo kesho. Utarudi nyuma? Mimi nisingerudi, na wewe unayesoma hii ukiwa umekaa kwenye kiti usingerudi. Karani naye anawajua hawa watu, ni shemeji zake, ni wateja wake wa kila wiki. Kumwachia yeye peke yake kazi ya kusema "hapana" ni kumwonea.

Dawa ya kujazana ni safari nyingine saa mbili baadaye, na watu wajue kwa hakika kwamba ipo. Mtu mwenye hakika ya safari ya saa kumi hawezi kupigana kuingia ya saa nane.

Baadaye tuliletewa MV Ukara II, Hapa Kazi Tu, ya abiria 300. Nilifurahi, nadhani Ukara nzima ilifurahi. Lakini ukubwa wa chombo ni jambo moja, ratiba ni jingine. Kikubwa kikiwa peke yake, siku kikipelekwa matengenezo tunarudi kwenye mitumbwi, na anayetaka usalama anabaki ng'ambo.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaopanga ratiba ni dogo. Wachukue kalenda ya magulio ya Ukerewe na Ukara waiweke mezani kabla hawajaandika saa yoyote. Siku hizo safari ziongezwe hata kama za Jumatatu zitapungua. Na tangazo la matengenezo libandikwe gatini wiki moja kabla, kwa maandishi makubwa. Mama yangu hana simu janja, ila kusoma anajua vizuri sana.