Mawe ya ziwani kwenye kaburi la babu

Babu yetu mzaa baba alifariki Machi 2014, mvua za Kyela ndo zimekolea, tukamzika nyuma ya nyumba kwenye migomba pale Matema, kando ya Ziwa Nyasa, tope hadi magotini. Wazee wakasema kaburi litajengewa Juni mvua ikikata. Juni ikafika, mi nilikuwa form three, tukafunga shule nikashuka na mdogo wangu wa kiume kwa kosta toka Mbeya, vumbi la Ipinda tukalimeza lote, kufika tunamkuta baba mdogo amekaa na fundi wanapiga hesabu na hesabu haikai. Rambirambi ilishaisha zamani. Saruji ipo, mchanga upo, hela ya marumaru ndo hamna. Baba mdogo akasema tutapiga plasta, juu tunapaka chokaa, basi.

Iliniuma kwakweli. Babu alikuwa mvuvi toka kijana mpaka macho yalipomkataa, yaani hata sisi wajukuu tulijua kuhesabu kwa kuhesabu usipa wake, wale dagaa wa ziwani kwetu, kwenye chanja, afu leo alale chini ya plasta tupu kama sakafu ya stoo? Usiku sikulala vizuri, asubuhi nikamwamsha dogo nikamwambia chukua ndoo.

Kama umefika Matema unajua, ukitembea ufukweni kuelekea Ikombe mchanga unaisha unaanza mawe, maana milima ya Livingstone inaingia ziwani moja kwa moja, na Ziwa Nyasa hilo ni refu kwenda chini, kuna sehemu linafika mita 700. Juni ni miezi ya mwera, upepo unatoka kusini mawimbi yanapiga kwetu huku mwisho wa ziwa, kila asubuhi unakuta mawe mengine kabisa si ya jana. Mengi ni yale yenye mistari mistari meupe na meusi, mwalimu wetu wa jiografia alitufundisha kwamba ni miamba iliyopikwa na joto na kugandamizwa chini huko ardhini zamani sana. Kuna mekundu, kuna ya kijani, kuna meupe pe kama chumvi ya mawe, na kuna vile vipande vyembamba vinavyometameta kama vimenyunyiziwa unga wa kioo. Tulibeba ndoo sita siku hiyo, mabega yanawaka moto.

Tukayamwaga chini ya mwembe, tukaenda kula. Kurudi, yamekauka yote yamekuwa kijivu. Yote! Dogo alitaka kulia na mimi mwenyewe nilibaki nimesimama tu.

Bibi alikuwa pembeni anasugua chungu. Bibi yetu ni Mkisi wa Ikombe, vyungu ndo kazi yake toka msichana. Hakuinua hata kichwa, akasema, "Hiyo rangi ya maji mmeiacha ziwani, mjukuu wangu. Angalia sura ya jiwe."

Hapo ndo tukaanza upya. Nikatandaza mifuko mitupu ya saruji chini nikachora kwa mkaa, mtumbwi, mtu amekaa nyuma anapiga kasia, chini yake usipa wanapita. Mawe marefu yaliyopinda yakawa mtumbwi, vile vipande vyembamba vya kumeta wakawa usipa, meupe yakawa povu la mawimbi. Siku mbili nzima tunageuza geuza, jiwe moja unalijaribu mara kumi halikai, unaliacha, kesho yake unalikuta ndo mahali pake penyewe. Baba mdogo akapita akasema kaburi si la kuchezea. Bibi akamjibu, "Waache. Mume ni wangu."

Fundi ndo alitusaidia sana, Mungu ambariki. Alisema tuyasugue vumbi na tuyaloweke usiku kucha kwasababu jiwe lenye vumbi halishikani na saruji, na kila jiwe lizame zaidi ya nusu la sivyo litang'oka. Akamwaga plasta, akatuambia haya fanyeni haraka, na hapo mikono inatetemeka maana plasta haikusubiri.

Sasa kichwa cha babu. Jiwe nililokuwa nimeliandaa lilipasuka nilipoligonga likae vizuri, plasta inaanza kukaza, natafuta kwenye ndoo silioni la mviringo hata moja. Bibi akainuka akaingia ndani, akarudi na jiwe lake la kusugulia vyungu. Jeusi, saizi ya yai la kuku, upande mmoja limelika limekuwa bapa, laini mpaka linateleza mkononi. Akaliweka mwenyewe, akalikandamiza kwa kidole gumba. Nikamuuliza bibi sasa vyungu utasugulia nini, akasema, "Ziwa limeisha mawe?"

Tulipomaliza uji wa saruji ulikuwa umefunika karibu picha nzima, nikajua tumeharibu. Fundi akachana kipande cha godoro, akaloweka akakamua, akapangusa taratibu, anasuuza anarudia, na usipa wakatokea mmoja mmoja.

Akasema tufunike gunia, tumwagilie asubuhi na jioni siku saba. Sisi tuliondoka siku ya tano, bibi akabaki na kazi hiyo.

Nilirudi Desemba. Siku hiyo walikuja wageni, wazee wawili waliovua na babu, hawakuwahi msiba. Kaburi lilikuwa limekauka, mawe kijivu tu, ukipita haraka huoni kitu. Bibi akawapa viti, akaenda kwenye mtungi akachota jagi la maji, akamwagia kaburi kuanzia juu mpaka miguuni. Mtumbwi ukawa wa kijani, usipa wakameta, kile kichwa kikawa cheusi tii.

"Ndaga," yaani asanteni, akawaambia wale wazee, "sogeeni mumuone."