Sherehe imeisha, sauti imenikauka

Ndiyo kwanza navua viatu. Miguu inawaka moto.

Mwaka jana sherehe ya Krismasi ya ofisini ilifanyika usiku: muziki juu, hotuba tatu za wakubwa. Haikupita saa moja, nusu ya watu walishatoroka. Mwaka huu kazi nikakabidhiwa mimi (nilikohoa tu kikaoni, wakadhani nimejitolea).

Nikaanza kwa kupitisha karatasi zisizo na majina: nini kilikukera mara iliyopita?

Majibu yakaja makali. Wenye watoto wadogo hawataki usiku. Wasiokunywa wamechoka kuulizwa kwa nini. Na karibu wote: hotuba!

Basi leo tumeanza saa nane mchana, ndani ya muda wa kazi. Bosi kapewa dakika 3, nami nimesimama na saa mkononi. Kazidisha moja, nimemsamehe.

Ila kilichonigusa ni zawadi za kupeana kwa kura.

Mama anayetufanyia usafi, miaka yote alikuwa anaitwa sherehe ikishaisha, aje kufagia. Safari hii jina lake lilikuwa kikapuni kama la mtu mwingine yeyote. Alipoitwa, akainuka, akashika ndoo.

"Hapana mama, si hiyo. Ni zawadi yako."

Akaiweka ile ndoo chini, polepole sana. Chumba kizima kimya.

Mpaka sasa naisikia ikigusa sakafu.

Kwenu kazini huwaje? Nani husahaulika? Niambieni, maana nimeshasikia fununu kwamba mwakani ni mimi tena.