Kitabu cha karatasi kabla ya kulala: mradi wangu hadi Juni

Machi

Kanuni ya mradi ni moja: ikifika saa tatu usiku simu inabaki sebuleni, nami naingia chumbani na kitabu cha karatasi hadi saa nne, taa inapozimwa. Simu yenyewe siizimi, kwa kuwa mama mkwe wangu yuko mkoani na akipatwa na shida hupiga usiku; naiacha iite kwa sauti ya juu, ila iite ikiwa mbali na mkono wangu. Kazi ya kuniamsha alfajiri nimeikabidhi saa ndogo ya mezani yenye kengele, na kisingizio cha kulala na simu kitandani kikaishia hapo.

Kilichonisukuma ni utafiti uliofanyika Boston, Marekani, na kuchapishwa mwishoni mwa 2014. Watu 12 walikaa maabara, wakasoma kwenye kishikwambi jioni tano mfululizo kwa takriban saa nne kabla ya kulala, na jioni nyingine tano wakasoma vitabu vilivyochapishwa. Kwa kishikwambi, usingizi ulichelewa kwa takriban dakika 10, homoni ya melatonini, inayouarifu mwili kwamba usiku umeingia, ilipungua kwa zaidi ya nusu, na saa ya mwili ikarudi nyuma kwa saa moja na nusu. Utafiti huo ni mdogo, tena vioo viliwekwa kwenye mwangaza wa juu kabisa ndani ya chumba chenye mwanga hafifu, kwa hiyo siuchukui kama hukumu ya mwisho. Dakika 10 zenyewe hazinitishi. Kinachonitisha ni saa ya mwili, maana anayeamka saa kumi na moja alfajiri ili awahi daladala hana mahali pa kufidia saa moja na nusu.

Aprili

Mwezi huu wote ulikwenda kwenye taa. Karatasi haina mwanga wake. Inarudisha tu ule unaoiangukia, na taa ya chumbani kwetu ilikuwa LED nyeupe ambayo boksi lake limeandikwa 6500K, yaani rangi inayokaribia mwanga wa mchana. Ndani ya jicho, kwenye retina, zimo seli ambazo kazi yake kubwa ni kuupasha ubongo habari za mchana na usiku, na seli hizo huitikia zaidi mwanga wa buluu wa takriban nanomita 480, ambao taa nyeupe za namna hiyo zinao kwa wingi. Mtu anaweza basi kuiacha simu sebuleni, akafungua kitabu chake kwa heshima zote, na bado akajimulikia mchana usiku wa manane.

Nilizunguka maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo nikitafuta taa ya mwanga wa njano. Kila muuzaji alinitolea nyeupe na kunihakikishia kwamba hiyo ndiyo inayong'aa, jambo ambalo ndilo hasa nililokuwa nalikimbia. Hatimaye nilipata ya 2700K. Mama Amina alipoiona ikiwaka aliuliza, "Baba Amina, umefungua baa humu ndani?"

Likabaki suala la chandarua. Taa iko juu ya stuli nje ya chandarua, na nikisoma nikiwa nimekiegemea, vivuli vya nyuzi hutua kwenye ukurasa kama karatasi ya hesabu, kisha feni ikipuliza mistari yote inacheza juu ya herufi. Nilipojisogeza katikati ya kitanda, kitabu kikawa mbali kidogo na nyuzi, vivuli vilififia hadi vikatoweka. Umeme ukikatika nalala. Mshumaa siuwashi karibu na chandarua kwa hali yoyote.

Mei

Vitabu nanunua kwa wanaopanga vya mitumba kando ya barabara mjini, ambavyo vingi karatasi yake imeshageuka rangi ya chai, hivyo naangalia kwanza ukubwa wa herufi kabla ya kuuliza bei. Nilianza na riwaya ya upelelezi, nayo ikawa inavunja kanuni ya saa nne karibu kila siku, kwa sababu mwandishi hodari wa upelelezi hakuruhusu kufunga sura ukiwa na amani. Hapo mwanga wa njano hausaidii kitu. Nikahamia kwenye diwani za mashairi ya kimapokeo, na naona zinafaa zaidi: ubeti wa mishororo minne, wenye mizani kumi na sita kila mshororo na vina vinavyojirudia, mara nyingi hukamilisha wazo lake, na msomaji anaweza kuishia popote bila deni. Riwaya sasa ni ya Jumamosi mchana.

Juni

Usingizi unakuja mapema kuliko zamani, ingawa sehemu ya sifa lazima niipe kengele ya alfajiri, ambayo haina kitufe cha kuiahirisha. Amina naye ameanza kuja chumbani na kitabu chake cha hadithi na kukalia upande wangu wa stuli, kwa hiyo mwisho wa mwezi narudi Kariakoo kutafuta taa ya pili ya 2700K, na safari hii naenda na boksi la ile ya kwanza mkononi.