Zumu ya glisirini: mkia umekatika

Ninaunda zumu, yaani lenzi ya kuvuta picha karibu, kwa glisirini inayobadilisha umbo, na hatimaye nukta imebaki nukta! Mwanga wa taa ya ledi, ukipita kwenye tundu la sindano katika karatasi ya alumini, ndio kipimo changu cha ukali wa picha, na kila niliposimamisha lenzi wima nukta hiyo iliota mkia. Nikizilaza, mkia unapotea.

Mpangilio ni huu: lenzi mbili za glisirini zilizoachana milimita 50, utando wa silikoni upande mmoja na kioo bapa upande wa pili, na sensa (kitambuzi cha picha) milimita 50 nyuma. Hakuna kinachosogea ila umajimaji, unaosukumwa ndani ya lenzi kwa sirinji. Lenzi ya mbele inatoka fokasi (umbali ambapo mwanga unakusanyika, kwa milimita; alama ya kutoa ni lenzi inayoutawanya) ya -60 ikiwa imebonyea hadi +150 ikiwa imevimba, ya nyuma inalegezwa kutoka 34 hadi 100 ili picha isihame kwenye sensa, na fokasi ya mfumo mzima inapanda kutoka 27 hadi 75. Hesabu zilikubali mapema. Mapovu yaliisha kwa kuiacha glisirini itulie usiku kucha.

Uzito ndio uliokataa kushindwa. Glisirini ni nzito kuliko maji kwa takriban mara 1.26. Lenzi yenye kipenyo cha milimita 20 ikisimama, shinikizo la chini linazidi la juu kwa paskali 250 hivi. Utando uliolegea hauwezi kubeba tofauti hiyo, tumbo la lenzi linashuka, na mwanga unakusanyika kombo. Niliuvuta utando zaidi kabla ya kuubana kwenye pete alizonikerezea fundi wa Kamukunji, Nairobi, pete safi kuliko plastiki yoyote niliyowahi kuchapisha kwa printa ya 3D. Mkia ukapungua, lakini glisirini ikaanza kuvuja ukingoni. Inaudhi mno! Nikashuka hadi kipenyo cha 10, na hapo mkia ukakatika, kwa bei ya robo tatu ya mwanga.

Kuhusu sirinji: achaneni na kusukuma kwa kidole. Mpira wa ndani unang'ang'ania kisha unaruka, na fokasi inaruka nao. Sirinji ya mililita 1 inayosukumwa kwa parafujo ya M6, milimita 1 kwa kila mzunguko, inashinda kifaa kingine chochote mezani kwangu.

Hatua iliyofuata ilikuwa mota za sevo (mota ndogo zinazogeuka hadi pembe unayotaka) za kuendesha sirinji, lakini zimerudi kwenye droo. Kwa nini nipigane na uzito? Nikiweka juu kioo cha kuakisi mwanga, kilichoinama nyuzi 45, mwanga unashuka wima na lenzi zote zinalala. Uzito unausukuma utando sawasawa pande zote, na kinachobaki kinarekebishwa kwa sirinji. Kioo cha kinyozi hakifai, kwa sababu fedha yake iko nyuma na picha inatoka mara mbili. Vyenye fedha mbele vimo ndani ya mashine za fotokopi, na fundi mmoja wa mtaa wa Luthuli, Nairobi, ameniahidi kimoja kutoka mashine iliyokufa. Nikikipata, kipenyo kinarudi 20.