Tulilipa euro 560 zaidi ili mama apate baraza melini

Mdogo wangu wa Liège, Ubelgiji, alipiga simu Jumapili mchana, bugali bado iko mezani. Akasema mama anatimiza miaka 70, na safari hii hataki karamu ya viti vya kukodi na kreti za bia. Anataka tumpandishe mama melini. Mama alikuwa anasikia, simu iko kwenye spika. "Meli ya Goma?" akauliza. Kwa mtu wa Bukavu hilo ni swali la haki kabisa: meli ni ile ya Ziwa Kivu inayoondoka jioni, inapita ubavuni mwa kisiwa cha Idjwi usiku, na asubuhi uko Goma. Mdogo wangu akaeleza: hapana mama, hii ni kruwazieri, watu hawapandi ili wafike mahali, wanapanda ili wazunguke. Siku saba kwenye Bahari ya Mediterania, mnalala humo, mnakula humo, karibu kila asubuhi mji mwingine. Mama akanyamaza kidogo. "Sasa tunazunguka, kisha tunarudi pale pale?" Ndiyo. "Aksanti, mwana wangu," akasema, kwa sauti ya mtu aliyepokea zawadi asiyojua aiweke wapi.

Habari ya visa siielezi hapa, ilitutoa jasho kuliko kabini. Nitasema neno moja tu kwa sababu liligusa uchaguzi wa meli. Njia kadhaa za kule zinapita pia Tunis, na meli ikiingia Tunis umeshatoka Schengen, zile nchi za Ulaya zenye visa moja. Kurudi unahitaji visa ya kuingia zaidi ya mara moja. Tukatafuta njia ya bandari za Schengen tupu: Marseille, Genoa, Napoli, Messina, Valletta kule Malta, siku moja baharini, Barcelona, kisha Marseille tena. Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba 2023, watoto wa mdogo wangu wako likizo.

Kazi ilianza wakala alipotuma bei. Mdogo wangu, mke wake na watoto wawili wangebanana katika kabini moja ya ndani, vitanda viwili vinashuka kutoka darini. Hiyo haikuwa na mjadala. Swali lilikuwa kabini yangu na mama. Ya ndani, isiyo na dirisha: euro 1,180 kwa sisi wawili. Yenye dirisha: 1,420. Yenye balkoni: 1,740. Wazo langu la kwanza lilikuwa mama alale kwenye balkoni na mimi nijitafutie kashimo ka ndani peke yangu, lakini lilikufa siku hiyo hiyo. Bei za meli hizi zinapangwa kwa watu wawili kabini moja. Ukilala peke yako mara nyingi unalipa karibu sawa na wawili.

Kwa hiyo kati ya ndani na balkoni kulikuwa na 560. Mimi ndiye mweka hesabu wa familia, na ndiyo kazi yangu ya mchana pia, katika duka la vifaa vya ujenzi. Kichwa changu kinageuza kila kitu kuwa mabati. 560 ni upande mzima wa paa la mama kule Kadutu, mtaa wetu wa Bukavu, ule unaotulazimisha kutandaza mabeseni kila mvua za Machi.

Nikakaa na kalamu. Meli ile inaingia bandarini asubuhi na kutoka jioni. Mchana wote sisi tuko mjini, balkoni inaota jua peke yake. Jioni za Oktoba kule zinaingia giza mapema, na saa hizo watu wanakula. Inabaki siku moja ya bahari, kati ya Malta na Barcelona. Nikajumlisha saa za mwanga ambazo tungekuwa ndani ya meli bila kula, bila kuwa bandarini: kama 18, nikijionea huruma. 560 gawanya kwa 18, ni euro 31 kwa saa moja ya kukaa kwenye kiti cha plastiki. Na juu kabisa melini kuna sitaha wazi, viti bure, bahari ile ile.

Nikampigia mdogo wangu: tuchukue ya ndani. Akasema, "Yaya," yaani mkubwa wangu, "wewe ndiye unamjua mama."

Nilidhani namjua. Nilipomweleza mama, alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa. "Chumba haina dirisha?" Haina, mama, lakini ni safi, kuna choo, kuna taa. "Mi siwezi lala mu chumba yenye haina dirisha. Mayi ikibadilika, nitajua namna gani?"

Hapo ndipo nilipokumbuka mambo ambayo nilikuwa nayaona miaka yote bila kuyahesabu. Mama amezaliwa Idjwi, baba yake alikuwa mvuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Kwenye meli ya Goma, hata ukimlipia ndani kwenye viti vya sponji, utamkuta nje amejifunga blanketi, anatazama taa za wavuvi. Anataka kujua upepo unatoka wapi. Tangu ajali ile ya mashua ya Aprili 2019 ziwani upande wa Kalehe, iliyofanya Rais aagize kila abiria avae jile, yaani fulana ya kuokolea, mama akipanda chombo chochote anahesabu majile kwanza, ndipo anaweka mzigo chini. Mtu wa namna hiyo nilitaka kumfungia usiku saba ndani ya sanduku ambalo taa ikizimwa huoni hata mkono wako.

Nikajaribu njia ya katikati, ile ya dirisha, kwa 240 zaidi badala ya 560. Mama akauliza swali moja: "Inafunguka?" Haifunguki, ni kioo kimekazwa. "Basi hiyo ni foto."

Nikacheka, kisha nikaona amesema kweli. Tukalipa balkoni. Mdogo wangu akatoa nusu ya ile 560, dada yetu wa Lubumbashi akatuma kidogo, mimi nikamalizia. Mabati yakasubiri.

Sasa, kuamua kwamba tunachukua balkoni haikuwa mwisho, na hapa ndipo ningemwomba mtu asiharakishe. Wakala alikuwa na bei nyingine ya chini kidogo: unalipia balkoni, lakini kampuni ndiyo inakuchagulia ipi, unaijua karibu na siku ya safari. Kwa kijana ni nafuu nzuri. Kwa mama mwenye magoti mabovu, hapana. Ningeweza kupewa ya nyuma kabisa, mwendo wa dakika nyingi kutoka kwenye lifti. Kulikuwa na nyingine pia za bei ya chini, na tulipouliza sababu, ikawa kwamba mbele ya balkoni zinaning'inia mashua za kuokolea. Yaani unafungua mlango unatazama tumbo la mashua. Mdogo wangu alinitumia ramani ya ghorofa zote kwa WhatsApp, nikaikuza na vidole mpaka macho yakauma. Nilikuwa natafuta vitu viwili. Kwanza, katikati ya meli na ghorofa ya chini chini, kwa sababu chombo kinayumba zaidi mbele, nyuma na juu. Hilo halihitaji kusoma, kila aliyekaa mbele kwenye mtumbwi wakati wa mawimbi analijua. Pili, juu yetu na chini yetu pawe na kabini nyingine, si baa, si jiko, si mahali pa kuburuta viti usiku. Nikapata moja, upande wa kulia. Kwa nini kulia? Kushoto ilikuwa imeshachukuliwa. Sikujua bado kwamba upande ni jambo.

Tukapanda Marseille. Kabini yenyewe ilikuwa ndogo, na balkoni ilikuwa viti viwili, meza ya kuweka kikombe, basi. Mama alifungua mlango wa kioo, akashika chuma cha kizuizi, akakitikisa kwa nguvu mara mbili, akarudi ndani kuangalia majile kabatini. Mawili. "Hii ni baraza," akasema, na tangu hapo likabaki jina lake.

Nilichokosea katika hesabu yangu nilikigundua asubuhi ya kwanza tu. Nilikuwa nimehesabu saa za mwanga za mtu kama mimi. Mama anaamka saa kumi na nusu alfajiri, ameamka hivyo maisha yake yote, kwanza kwa ajili ya sambaza, baadaye kwa ajili ya maombi. Na meli inaingia bandarini lini? Kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi. Yaani onyesho lenyewe, nchi kutokea gizani, taa za mji kuzimika moja moja, mashua ya rubani wa bandari kuja kugusa ubavu wa meli, lote linatokea saa ambazo watu wengi wamelala na mama yangu amekaa barazani na blanketi. Asubuhi moja baada ya nyingine nilimkuta pale. Mdogo wangu na familia yake, kule ndani kwenye giza lao, walilala kama mawe hadi saa tatu, na hawakulalamika hata kidogo.

Napoli alikaa muda mrefu akitazama Vesuvius. Nikamweleza kwamba mlima ule ulizika mji wa Pompeii mwaka 79, na mara ya mwisho kulipuka ilikuwa 1944. Akauliza watu wanakaa karibu vile kwa nini. Nikamwangalia tu. Dada yake alikuwa na nyumba Goma, volkano yetu ya Nyiragongo ikaipitia Januari 2002, akajenga tena pale pale juu ya mawe meusi. Mama akaelewa nilivyomwangalia, akacheka.

Usiku ule tuliondoka Napoli kuelekea Messina. Saa tisa na kitu usiku nikasikia mkono begani. "Amka. Nyiragongo inatufuata." Nikadhani anaota. Nikatoka na shuka mabegani. Baharini palikuwa giza tupu, na katikati ya giza kulikuwa na kitu cheusi zaidi chenye umbo la pembe, kwenye ncha yake wekundu unafifia. Tukangoja. Baada ya dakika kadhaa ukawaka tena, cheche zikapanda, zikaanguka polepole, bila sauti. Ni Stromboli, kisiwa kinacholipuka namna hiyo usiku na mchana tangu zama za kale. Mabaharia walikiita mnara wa taa wa Mediterania. Hakuna tangazo lililotolewa melini, labda kwa sababu ya saa. Ukitoka Napoli kwenda Messina kisiwa kile kinabaki mkono wa kulia, na sisi tulikuwa kulia kwa sababu kushoto kulijaa. Tulikaa pale hadi kikapotea nyuma. Mama alikuwa ananisimulia anga la Goma la zamani, jinsi lilivyokuwa jekundu usiku, jinsi dada yake alivyokuwa anasema mlima ukiwa mwekundu unapumua, ukizimika ndipo uogope. Hayo sikuwahi kuyasikia kwake nikiwa na miaka 44 na tukiishi mji mmoja.

Malta ilikuwa kulia pia: kuta za Valletta, mawe ya rangi ya asali, zinapita karibu hadi unaona watu wanaanika nguo.

Neno la nguo linanikumbusha aibu yetu. Mama alifua kitenge, akakianika kwenye kizuizi cha balkoni. Kijana anayesafisha kabini akakirudisha kimekunjwa vizuri sana, kwa tabasamu, akionyesha upepo kwa mikono. Hairuhusiwi, na ana haki. Siku ya bahari upepo ulikuwa mkali, mlango wa kioo nilikuwa nausukuma kwa bega, na mara moja mtoto wa mdogo wangu alifungua mlango wa ukumbini wakati wa balkoni uko wazi. Milango iligonga kama bunduki, karatasi zote zikaruka. Kwa hiyo ile siku niliyokuwa nimeihesabu kuwa ndiyo yenye faida, balkoni haikukalika zaidi ya saa mbili. Jirani naye alikuwa anavuta sigara, moshi unakuja kwetu moja kwa moja. Ningekuwa nimelipa kwa ajili ya siku ile, ningelia.

Dada wa Lubumbashi ameniuliza kama naye achukue balkoni, yeye na bwana wake. Nilimwuliza anaamka saa ngapi. Akasema likizoni saa nne. Nikamwambia achukue ya ndani, ile 560 wakale samaki Barcelona, na watakayorudi nayo walipe karo. Mimi pia nikienda na rafiki zangu nitachukua ya ndani, nitapanda sitaha ya juu nikitaka bahari. Ila ningeangalia ramani ya njia kwanza, nijue nchi iko upande gani alfajiri.

Mabati tuliyapiga Februari. Mama alikuwa amekaa chini ya mwembe anawaelekeza mafundi, katikati ya maelekezo akanigeukia ghafla.

"Na wale wa upande wa kushoto, usiku ule, waliona nini?"

Giza tu, mama.

Akatikisa kichwa. "Maskini. Na walilipa bei moja na sisi."