Ukuta wa Mapajani

Jumamosi ilikuwa siku ya wali. Siku nyingine ni ugali tu, kwa hiyo kipande cha reli kilipogongwa pale mwembeni, bweni zima lilitoka mbio, sahani mkononi. Nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni mkoani Tanga, ndala zimelika visigino, na veranda ndiyo kwanza imepigwa deki.

Nilitakiwa kukata kona. Ndala zikaserereka, nikaenda mzimamzima kwenye ule ukuta mfupi wa veranda. Ulinigonga mapajani. Sikusikia maumivu, nilishangaa tu kuona miguu imebaki nyuma na kichwa kinatangulia, polepole kama gunia linalomiminwa, halafu michongoma ya chini ikaanza kunijia usoni. Aliyewahi kuangukia mchongoma hahitaji kuelezwa.

Kifundo cha mkono kiliteguka. Jumatatu mwalimu wa fizikia akanirudisha palepale, darasa zima nyuma yetu, na futi kamba mfukoni. Ukuta, sentimita 58. Mimi, 163. Akaniwekea kidole chini kidogo ya kitovu.

"Kitovu cha uzito wako, yaani pale uzito wako wote unapojikusanya, kiko hapa, kama sentimita 90. Ukuta umekukamata chini yake. Miguu imezuiwa, kiwiliwili hakuna aliyekizuia. Ungefanyaje kama si kubiringika?"

Mmoja akauliza, je, kama ukuta ungefika tumboni? Mwalimu akachukua chaki, akaandika juu ya saruji: kasi mara kasi, gawa kwa 20. Mtu wa mita 4 kwa sekunde ana nishati ya kujiinua sentimita 80. Nyingi hupotea kwenye kugongana, akasema, lakini zikibaki hata sentimita 20 tu, mwenye kitovu cha uzito kilicho karibu na ukingo anaweza kuvuka. Ndiyo maana kingo za ghorofani hujengwa kufikia mita 1 na zaidi: zikukamate juu ya kitovu hicho, zikurudishe nyuma.

Mtihani wa muhula ule swali hilo halikutoka, na mpaka leo linaniuma.

Baadaye fundi aliongeza kozi mbili za tofali. Sahani yangu ilitolewa mchongomani ikiwa na bonde katikati, nikaitumia hivyo hivyo hadi kidato cha nne. Wali wa siku ile alikula jirani yangu wa kitanda. Alisema alidhani nimelazwa.